Wanaojifunza urubani Mombasa: aliyepata ajali au kuiponea, tupeane uzoefu

Mjomba wa Port Reitz:
Wadau, mpwa wangu ataka kusomea urubani na mamake hasikii la mtu. Kila nikimgusia ni Kwachocha, Malindi: tarehe 10 Januari 2025 ndege ya mafunzo iliangukia barabarani, ikaua watu 3 waliokuwa chini na mambo yao. Akitoka hapo ni Nairobi, 5 Machi 2024, Cessna ya mafunzo ilipogongana angani na ndege ya abiria iliyokuwa yaja Diani. Mwalimu na mwanafunzi wakafariki. Mliopitia, semeni. Majina ya shule wekeni kando.

Kusi na Kaskazi:
Nimejifunzia hukuhuku pwani. Injini kuzima tulifanyishwa mpaka tukachoka. Mwalimu anaipunguza ghafla, kimya, anajitia kutazama nje. Unaweka kasi ya noti 65, kama kilomita 120 kwa saa, unatafuta pa kutua. Cessna 172 ikizima haiporomoki. Ukiwa futi 1,000 juu, inakuchukua kilomita mbili na ushei. Kabla ya kupaa wangu alikuwa haachi kuuliza, "Maji yako wapi saa hii?" Yakipwa, ufuo ni uwanja. Yakijaa, umebaki na ukanda wa mchanga wenye watoto na ngamia wa watalii.

Kinachoua ni kuzimikiwa futi 300, ndiyo kwanza umeacha lami. Mwili wote unataka kugeuza urudi uwanjani. Ukigeuza chini hivyo, kasi inaisha, bawa moja linalala, basi. Unatua mbele, labda kushoto au kulia kidogo. Na mbele, miji yetu ilivyobanana, ni mapaa ya watu.

Mama Nyali:
Wangu alitua na upepo wa ubavuni, gurudumu la mbele likavunjika, rafadha ikasaga lami. Alitoka na alama ya mkanda begani tu, alhamdulillahi. Kilichoniudhi ni kuletewa picha na jirani kwa WhatsApp kabla shule haijanipigia! Kaka, mamake achukue namba ya mwalimu mwenyewe, si ya ofisi.

Fundi mstaafu:
Nendeni shuleni asubuhi mapema, kabla ya ndege ya kwanza. Kwa unyevu wa hapa maji huingia tangini, kwa hiyo mwanafunzi huchota mafuta kidogo chini ya bawa kwa kikombe cha plastiki kinachoonyesha ndani. Mafuta ya ndege hizi ni ya buluu. Maji hutuama chini, hayana rangi. Tazama nani anainama kuchota, na kama mwalimu anakidai kile kikombe akitazame. Pakiwa hakuna anayechota, mpelekeni mtoto kwingine.