Plagini zipo kwenye laptop lakini Reaper haizioni. Zina aina ngapi, na zinawekwa wapi?

Kinanda wa Mwanga

Wakuu, habari za jioni. Niko Mwanga, Kigoma mjini. Napiga kinanda kwenye kwaya yetu, na kazi ya kurekodi pia ni yangu. Kompyuta ya mezani tuliyokuwa tukiitumia ilikufa mwezi uliopita: umeme ulikatika, uliporudi nikasikia harufu ya kuungua, haikuwaka tena. Binamu yangu wa Dar amenitumia laptop yake, Windows 10, RAM 8.

Bahati nzuri plagini zote, vile vijiprogramu vya mwangwi na vyombo, nilikuwa nimeshazinakili kwenye flashi. Nimeziweka kwenye laptop, folda moja pale kwenye skrini ya mbele. Ni faili 43. Nyingi zinaishia na .dll, kumi na mbili zinaishia na .vst3, mbili .component, na moja .aaxplugin ambayo sikumbuki hata niliitoa wapi. Nikibofya .dll, Windows inaniuliza nataka kuifungua kwa programu gani. Nikiingia Reaper, programu ninayorekodia, naona zile zake yenyewe tu.

Kilichoniumiza ni pale nilipofungua wimbo tuliorekodi Desemba. Sauti za watu zote zipo, lakini mwangwi haupo, imeandika plagini haijapatikana. Soprano wanasikika wakavu kama wanaimba ndani ya kabati la nguo. Mwangwi ule niliukalia wiki nzima mpaka ukakaa.

Jumamosi ya wiki ijayo tunarekodi tena. Waimbaji ni 26, wengine wanatoka Ujiji na Kibirizi, na akina mama wawili wanafunga biashara zao za dagaa siku hiyo ili waje. Siwezi kuwapanga mbele ya maiki halafu niwaambie mashine haiko tayari. Naomba mnieleweshe hizi aina zinatofautianaje, maana nimechoka kubahatisha.

Dada Ujiji

Pole sana kaka. Kunakili faili si kuinstoli. Ingia kwenye tovuti ya kila mtengenezaji, shusha upya, instoli. Fanya usiku wa manane bando linapokwenda vizuri.

Fundi Kanyenye

Mdogo wangu wa Mwanga, pole kwa mashine. Mimi niko Tabora, nimerekodi kwaya tangu enzi za kuazimana CD za programu. Ulichouliza ni aina, ngoja nianzie hapo, ukizielewa hutababaika tena.

Plagini haijitegemei. Ni behewa. Lina mzigo wake ndani, mwangwi au kompresa ya kusawazisha sauti au kinanda, lakini haliendi mpaka lifungwe kwenye kichwa cha treni, na kichwa chako ni Reaper. Ndiyo maana ukibofya .dll Windows inakuuliza maswali. Umebofya behewa.

Sasa, sisi watu wa reli ya kati tunajua kwamba behewa la TAZARA huliweki kwenye reli yetu. Yetu ina upana wa milimita 1,000, ile ina 1,067. Behewa halina ubovu wowote, ila limejengewa njia nyingine. Plagini nazo ziko hivyo hivyo.

Aina ya VST ilitoka kwa Steinberg, kampuni ya Hamburg, Ujerumani, mwaka 1996, ikaja pamoja na Cubase, programu yao ya kurekodia. Toleo la pili, VST2, ndilo hizo .dll zako. VST3 ilitoka 2008, ndizo zinazoishia na .vst3. Steinberg waliacha kuwagawia watengenezaji wapya zana za VST2 mwaka 2018, kwa hiyo plagini mpya nyingi utazikuta ni VST3 peke yake. Hizo .component ni AU, za Apple, zinafanya kazi kwenye Mac tu, kwa hiyo kwenye laptop yako zifute. Ile .aaxplugin ni ya Pro Tools, programu nyingine ya kurekodia, Reaper haiisomi, ifute nayo. Ukija kuona aina ya CLAP usishangae: hiyo ni ya 2022, wameianzisha watengenezaji wawili, Bitwig na u-he, na Reaper mpya inaipokea.

Mahali pa kuziweka. VST3 ina nyumba moja rasmi kwenye Windows: C, halafu Program Files, halafu Common Files, halafu VST3. Usiipeleke kwingine. VST2 haikuwahi kuwa na nyumba moja, kila mtengenezaji aliweka alipotaka, na hapo ndipo watu wengi wanapopotelea. Tengeneza folda yako moja, mimi yangu iko C, Program Files, VSTPlugins. Kisha kwenye Reaper fungua Options, Preferences, shuka mpaka Plug-ins, ingia VST. Kuna mstari wa njia za folda, ongeza folda yako hapo, halafu bonyeza Re-scan. Reaper haikisii, inatafuta pale ulipoiambia tu. Folda iliyo kwenye skrini ya mbele haitaiona hata ukiwasha na kuzima mara kumi.

Lakini Dada Ujiji amesema kweli. Kiinstola hakipeleki faili moja tu. Kinaweka pia leseni, mipangilio iliyotayarishwa, na pengine maktaba za Microsoft ambazo bila hizo plagini haifunguki. Ukinakili .dll peke yake umebeba mlango ukaacha nyumba. Plagini ndogo za bure huwa zinakubali kunakiliwa, za kulipia karibu zote zitagoma. Na usiende kutafuta zilizovunjwa leseni. Nimesafisha kompyuta za vijana wawili hapa mjini zilizoingia virusi kwa njia hiyo, mmoja alipoteza nyimbo za mwaka mzima.

Nijibu mambo mawili. Mashine ya zamani ilikuwa biti 32, yaani mfumo wa zamani, au 64 wa sasa? Na huo mwangwi wa soprano ni plagini gani?

Mtayarishaji K.

Fundi umeeleza vizuri. Niongeze kwenye biti: kama hizo .dll ni za biti 32, zifute zote. Cubase iliziacha kabisa kuanzia toleo la 9. Kung'ang'ania vitu vya zamani ndiko kunakoangusha mashine katikati ya rekodi.

Fundi Kanyenye

Sikubaliani na kuzifuta. Reaper ya biti 64 ina daraja lake la kuendeshea plagini za biti 32, na programu ya FL Studio pia inalo. Daraja linakula nguvu kidogo na plagini nyingine zinayumba, hilo nakubali, kwa hiyo kwenye wimbo mpya usizitumie. Ila wimbo wa Desemba umehifadhi namba za mwangwi ule kwa jina la plagini ile ile. Akiweka toleo la VST3 la plagini hiyo hiyo, mara nyingi Reaper italiona kama kitu kingine, na nafasi itabaki tupu. Aufungue kwanza kwa ile ya zamani, anakili namba kwenye karatasi, ndipo ahame.

Kinanda wa Mwanga

Fundi, Mungu akubariki. Nimekaa nayo tangu jana saa mbili usiku.

Mashine ilikuwa biti 64, ila .dll tisa ni za biti 32, na mwangwi wa soprano umo humo. Nilifuata njia ulizonipa. Nilipobonyeza Re-scan majina yakaanza kupita chini ya dirisha moja moja, nikawa nayasoma kama anayesubiri matokeo ya mtihani. Zimeingia 31. Nikafungua wimbo wa Desemba, mwangwi ukafunguka kupitia daraja. Nimeandika namba zote kwenye daftari la kwaya: sekunde 2.4, kuchelewa milisekunde 35, nimekata besi chini ya hezi 250. Kisha nikashusha Dragonfly Reverb, ya bure, ina VST3, nikaingiza namba hizo kwenye ile ya ukumbi. Haijafanana kabisa, ile ya zamani ilikuwa na kiza fulani kizuri, lakini soprano wametoka kabatini.

Limebaki moja. Plagini yangu ya kinanda, ile ya sauti zilizorekodiwa kwenye piano halisi, imefunguka, vitufe vinashuka nikipiga, sauti haitoki.

Fundi Kanyenye

Hicho kinatafuta sampuli zake. Plagini yenyewe ni ndogo, sauti ziko kwenye folda kubwa pembeni, pengine gigabaiti kadhaa, na haiwezekani ulizinakili kwenye flashi ile. Kwenye mashine iliyokufa ulikuwa na diski D?

Kinanda wa Mwanga

Ndiyo, D ilikuwepo! Diski yenyewe sidhani iliungua, harufu ilitoka kwenye pawa saplai.

Dada Ujiji

Kaka, nina waya wa kuunganisha diski ya kompyuta kwa USB, pamoja na adapta yake ya umeme. Nakuletea kesho mchana nikipita Mwanga, usiagize.

Fundi Kanyenye

Ukiipata folda, inakili kwenye laptop, usiichezee humo humo kwenye diski ya zamani. Kisha fungua mipangilio ya kinanda ukionyeshe ilipo. Na kabla ya Jumamosi, kila mstari wa sauti (treki) wa wimbo wa Desemba uutoe kama WAV, faili la sauti yenyewe, ukiwa na mwangwi wake ndani. WAV haihitaji plagini, itafunguka kwenye mashine yoyote.

Kinanda wa Mwanga

Folda imepatikana, GB 6.8, nzima. Nimeielekeza, nikapiga do ya kati, ikalia. Mama yangu alikuwa anachambua mchele uani, akaniita akauliza kama kile kinanda cha zamani kimerudi.

WAV natoa sasa hivi, mstari wa kumi na tano kati ya ishirini na mbili.