Vitabu vya wachawi na sayari za mbali: viingie maktaba ya skuli au vibaki boksini?

Mwanzisha mada, Mwanakwerekwe

Assalaam alaykum nyote. Nina suali, na naomba lijibiwe kwa hoja, hamaki tuziweke kando. Skuli moja hapa mjini, siitaji, imepewa maboksi ya riwaya za Kiingereza. Nyingi ni zile za mfululizo: falme za kubuni, wachawi, majoka, safari za angani. Kamati ya wazazi imegawika. Wako wanaosema vitabu vya uchawi haviingii skuli ya watoto wa Kiislamu, na wako wanaosema mtoto asome chochote maadamu anasoma. Maboksi yako chini ya ngazi mpaka leo, na mchwa hawasubiri kikao.

Mimi nasema viingie, ila si vyote na si kwa mkupuo. Na cha kwanza kutoka boksini kiwe A Wizard of Earthsea cha Ursula K. Le Guin, cha mwaka 1968. Kwanza ni chembamba, mtoto wa sekondari anakimaliza. Pili, ulimwengu wake mzima ni visiwa. Watu wanakwenda kwa mashua, wanauza samaki, wanaogopa pepo za msimu. Shujaa, Ged, ni mtoto mchunga mbuzi mwenye ngozi ya kahawia iliyoingia wekundu, sahibu yake mkubwa ni mweusi, na weupe ndio wanaokuja na majahazi kuchoma vijiji. Le Guin alisononeka sana pale televisheni ya Marekani ilipomfanya Ged kijana wa Kizungu mwaka 2004, na hakunyamaza.

Tatu, na hapa ndipo nataka wazazi wasikilize. Ged anapelekwa kisiwa cha Roke kusomea uganga. Walimu wanamwambia kila tendo lina gharama, ukiita mvua huku huenda umeleta ukame kule. Hasikii. Usiku mmoja anataka kumkomoa mwenzake anayemdharau, anaita roho ya mtu aliyekufa mbele ya kundi la wanafunzi, na kupitia upenyo ule kinatoka kivuli. Kinamrukia usoni na kumrarua. Mkuu wa skuli anauziba ule upenyo na kazi hiyo inamuua. Kilichobaki cha kitabu ni kijana mwenye makovu anakimbia alichokitoa mwenyewe, halafu anageuza mashua na kukifuata mpaka bahari isiyo na visiwa. Nionesheni ni ukurasa gani hapo unaomfundisha mtoto uchawi.

Baba wa watatu, Chake Chake

Wa alaykum salaam. Ndugu yangu umeeleza vizuri, na mimi si mtu wa kuchoma vitabu. Lakini nina mambo mawili.

La kwanza. Huko vilikoandikwa, mchawi ni kofia ndefu na sherehe za watoto. Huku kwetu mchawi ni bibi wa nyumba ya tatu ambaye watu hawampi mkono. Wako watu wamehama mitaa kwa tuhuma hizo. Mwanangu wa darasa la saba anajua majina. Ukimpa kitabu ambacho uchawi ni elimu ya heshima yenye skuli na vyeti, umemfundisha nini kuhusu yule bibi?

La pili ni itikadi. Umeitaja Roke, hukumtaja Segoy, aliyeviinua visiwa vyote kutoka baharini kwa neno lake. Nimeuliza mtu aliyesoma akanambia. Mtoto akikutana na hilo peke yake kitandani, nani wa kumfafanulia? Mwalimu mwenyewe hajakisoma. Usinambie ni hadithi tu. Hadithi ndiyo inayokaa; somo la hisabati ndilo linalosahaulika.

Shabiki wa Bwana Msa, Makunduchi

Sheikh wangu wa Chake, kwa heshima. Mbona Adili na Nduguze cha Shaaban Robert tumekisoma wengi wetu tangu utotoni na hakuna kamati iliyokaa? Kimetoka mwaka 1952. Kina majini, kina mji ambao watu wake wamegeuka mawe, kina ndugu wawili waliogeuzwa manyani na ndugu yao Adili analazimishwa kuwapiga mijeledi kila usiku huku akilia. Hapo hatukusema itikadi, tulisema maadili.

Na mfululizo hatukuanza kuujua kwa Wazungu wa majoka. Muhammed Said Abdulla, mtu wa Makunduchi hapa, alituandikia riwaya kadhaa za Bwana Msa, mpelelezi. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi kisha ikachapwa mwaka 1960, na Kisima cha Giningi ikafuata mwaka 1968. Giningi! Mji wa wachawi usioonekana, bibi zetu wametutishia nao tukale, tukalale. Nani aliyepotea kwa kusoma?

Baba wa watatu, Chake Chake

Umenisaidia, Maalim. Bwana Msa ndiye shahidi wangu mimi. Anaingia penye mzimu na kiko chake mdomoni, na mwisho wa kitabu tunaona mkono wa binadamu nyuma ya kila kilichotisha. Mtoto akimaliza pale, hofu imepungua. Hawa wa Earthsea wanakwenda kinyume: uchawi ni kweli na una walimu tisa. Niletee mfululizo wa aina ya Bwana Msa nitakubebea maboksi mwenyewe.

Mchuma karafuu, Wete

Nyote munazungumzia uchawi kama kwamba ndio wote uliomo. Mimi naleta kingine: Dune cha Frank Herbert, 1965. Ndani yake kuna kiungo kinachopatikana sayari moja tu ulimwengu mzima, Arrakis, jangwa tupu. Bila kiungo hicho hakuna safari baina ya nyota, kwa sababu marubani wanakitumia kuona njia. Mfalme mkuu anaigawa sayari hiyo kwa ukoo huu leo, kesho ukoo ule, na kila anayekuja anahesabu magunia. Wenyeji, wanaoijua michanga na upepo, hawaulizwi.

Sasa mimi nimezaliwa kwenye mikarafuu. Nimeona mchumaji anapanda na kamba asubuhi, jioni watoto na bibi wanakaa chini kuchambua makonyo, anapimiwa pishi zake, halafu karafuu zinaanikwa na nyumba nzima inatazama mbingu. Miaka mingi mnunuzi halali amekuwa mmoja, na anayevusha gunia usiku kwa mashua kwenda Kenya anaitwa mhalifu. Kabla ya hapo walikuwepo wenye mashamba na waliokuwa hawana hata mti. Nilipofika kurasa za Dune ambapo wakubwa wanagombania nani asimamie mavuno, sikuhitaji mwalimu wa kunifafanulia. Kijana wa Pemba anakisoma kitabu hicho kwa faida kuliko kijana wa Chicago.

Na kuhusu dini, Sheikh, hiki ndicho ulichopaswa kukiogopa, au kukipenda, sijui. Herbert amechota kwetu waziwazi. Wenyeji wa jangwani wanamngoja Mahdi. Kijana wa kigeni, Paul, anakuja na mama yake, na bishara zinamkaa kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo chake. Mtoto anashangilia. Kumbe bishara zile zilipandikizwa zamani na chama cha wanawake wenye hila, ili siku mmoja wao akikwama pale apate pa kushika. Paul anashinda. Juzuu ya pili, ya 1969, inaonesha ushindi ulivyogeuka: vita kwa jina lake sayari hadi sayari, wafu mabilioni, na yeye hawezi kuisimamisha. Wengi wanasoma ya kwanza tu wakaondoka na picha ya shujaa. Mwandishi mwenyewe alikuwa anatutahadharisha na mashujaa wa namna hiyo.

Aliandika sita kabla ya kufariki mwaka 1986. Mimi nasema ukifika ya tatu, teremka. Baada ya hapo ni mafumbo juu ya mafumbo.

Mwanafunzi wa chuo, Tunguu

Shikamooni wakubwa. Naona mumewajadili Ged na Paul, na mtoto wa kike hajatajwa.

Kwa skuli, wekeni Binti cha Nnedi Okorafor, cha 2015. Sehemu tatu fupi. Msichana wa Kihimba kutoka Namibia, mkali wa hisabati, anatoroka nyumbani alfajiri kwenda chuo kikuu kilicho sayari nyengine, na amejipaka udongo mwekundu wa kwao mwilini na nywelani. Wenzake safarini wanamshika nywele bila kumuomba ruhusa. Msichana yeyote aliyetoka shamba akaja dahalia ya mjini anaijua hali hiyo. Uchawi hamna, kuna hesabu na viumbe wa ajabu.

Kwa wakubwa wenzangu, si kwa skuli, mtafuteni Shannon Chakraborty. Kitabu chake cha 2023, The Adventures of Amina al-Sirafi, ni cha nahodha wa kike Muislamu, haramia mstaafu wa karne ya kumi na mbili, katika Bahari hii hii ya Hindi: Aden, Sokotra. Anasali, anamuogopa mama yake, na mumewe mmoja si binadamu. Nilicheka peke yangu kwenye daladala.

Foundation ya Isaac Asimov, ya dola la nyota nyingi, haina majoka, wazazi wataipenda, lakini juzuu ya kwanza humpati mwanamke wa maana hata kwa kurunzi. N. K. Jemisin alichukua tuzo ya Hugo ya riwaya bora miaka mitatu mfululizo, 2016 hadi 2018, kwa juzuu zake tatu za ardhi inayopasuka. Anastahiki, ila mna mambo ya kikubwa, asipewe mtoto. George R. R. Martin, yule wa Game of Thrones, ndiyo kabisa asikaribie lango la skuli. Halafu kaka yangu anaingojea juzuu yake ya sita tangu ya tano ilipotoka 2011. Ameoa, amepata watoto, bado anangoja.

Mwalimu wa Kiswahili, Kengeja

Nimesoma mpaka hapa na nimeudhika kidogo. Munagombana mtoto apewe kisiwa gani cha Mzungu, wakati mtoto mwenyewe Kiingereza chake kinakwisha ukurasa wa tano. Nimewaona. Anakibeba kitabu kinene wiki mbili, jalada linachakaa, ndani hakuna ukurasa uliogeuzwa.

Sisi ndio wenye tungo ndefu. Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728, beti zaidi ya elfu, majeshi ya Hirakli, mfalme wa Rumi, na ya Waislamu. Rasi 'l-Ghuli una beti zaidi ya elfu nne, mashujaa na mapambano mpaka unachoka. Kusadikika cha Shaaban Robert ni nchi nzima inayoelea angani. Said Ahmed Mohamed wa hapa hapa visiwani kaandika Babu Alipofufuka, maiti anarudi kumsuta mjukuu wake aliye mkubwa wa serikali. Haya yawekwe kwanza.

Nakubali tungo hizo si mfululizo wa juzuu tano za nathari, na kijana wa leo utenzi bila wa kumghania unamshinda. Mchapishaji naye anataka kitabu kitakachoingia kwenye mtaala, kurasa mia na hamsini basi. Nani atakaa miaka kumi aandike falme tatu na ramani yake kwa Kiswahili, alipwe nini? Lakini kijana aliyelelewa na Earthsea peke yake, siku akitaka kuandika ataandika kuhusu theluji.

Mwanzisha mada, Mwanakwerekwe

Mwalimu, Earthsea haina theluji nyingi hivyo, lakini nimekuelewa. Kabati moja linabeba vyote viwili. Sioni kwa nini Adili asikae ubavuni mwa Ged. Mmoja ana ndugu zake manyani, mwengine ana kivuli chake. Kuhusu lugha, hapa mtaani tunajaribu hivi: mmoja mwenye Kiingereza anasoma sura, anawahadithia wenzake kwa Kiswahili barazani, na wanaotaka zaidi wanakwenda kwenye kitabu. Wanaorudi kukiomba si wengi, ila wapo.

Mfululizo mrefu mno ninaupinga hata mimi. Wheel of Time ya Robert Jordan ina juzuu kumi na nne. Ilianza 1990, mwandishi akafariki 2007, Brandon Sanderson akaimalizia 2013. Katikati mna vitabu ambavyo watu wanasuka nywele tu na kununiana. Bajeti ya maktaba haiwezi kulishwa huko.

Sheikh wa Chake, hoja yako ya bibi wa nyumba ya tatu sina jibu lake. Naomba kitu kimoja tu: usome juzuu ya kwanza wewe mwenyewe kabla ya kikao, na mwalimu atakayeshika funguo asome pia. Ninacho, nitakupakilia kwenye boti.

Baba wa watatu, Chake Chake

Kilete, nitakisoma. Sikuahidi saini. Nikiona kuwa kiburi ndicho kinachoadhibiwa kama ulivyosema, nitamruhusu wa kidato cha pili, wa darasa la saba bado. Na hicho cha Mahdi wa jangwani, mchuma karafuu, kisiingie kabatini bila juzuu yake ya pili. Vifungwe pamoja kwa uzi, na anayeazima aazime vyote viwili.