Lenzi ya zumu (ya kuvuta vitu vya mbali) ya bei chee ya kubeba mlimani, nichukue ipi?

mguu_njiani: Wakuu habari, napenda kupanda milima na kamera yangu ni Canon 250D, lenzi ninayo moja tu ile 18-55 (milimita, namba ikiwa kubwa ndo inavuta zaidi) iliyokuja nayo, sasa ndege akikaa mbali kidogo anatoka kidoti. Nataka zumu ndefu ila hela ndogo na mgongoni kuna maji, msosi na hema tayari. Naona 75-300 bei chee sana, jamaa mwingine ananiambia nijipinde nichukue Sigma 150-600. Nishaurini.

kivuli77: Achana na zote mbili mkuu. 75-300 haina stabilaiza (kitu cha kutuliza mtikisiko wa mkono), na ukiwa umepanda pumzi iko juu mikono inacheza, ukivuta mpaka 300 picha inalegea hata jua likiwa kali. Chukua EF-S 55-250 IS STM, gramu 375 tu, stabilaiza ipo (ndo hiyo IS) na fokasi haipigi kelele (mota yake ndo hiyo STM). Kwa sensa ya kamera yako 250 inavuta kama 400 ya fulfremu (kamera za sensa kubwa) kwa hiyo hizo 50 zilizopungua hutazililia. Ila hakikisha imeandikwa STM, ile IS II ya zamani inafanana jina tu. Tafuta ya mtumba, na kabla hujatoa hela mulika tochi kwa nyuma, ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui hiyo ni fangasi, mrudishie mwenyewe.

babu_lenzi: Sigma picha zake tamu sibishi, ila karibu kilo 2 hizo!! Inamfaa anayepigia picha dirishani kwa gari.

mguu_njiani: Nimewaelewa, lakini hiyo 55-250 ukivuta mwisho si inaishia f/5.6, yaani tundu la mwanga dogo? Alfajiri na jioni si itakuwa giza?

kivuli77: Mchana inatosha kabisa. Mwanga ukipungua pandisha ISO (kamera ihisi mwanga zaidi) 1600 hata 3200 usiogope, chembechembe utazipunguza kwenye programu ila picha iliyotikisika ndo basi tena. Halafu stabilaiza inatuliza mkono wako, ndege haimtulizi, anayeruka mpige kwa spidi ya 1/1000 ya sekunde au kasi zaidi. Na kitu cha mbali sana saa za jua kali hewa yenyewe inacheza kwa joto, hapo hata lenzi ya mamilioni haikusaidii, sogea au uwahi asubuhi.

nyayo_mbili: Naongezea tu, usiifukie chini ya begi maana hutaitoa, na ndege hakusubiri ufungue zipu tatu. Nunua klipu ya kubana kamera kwenye mkanda wa bega. Mfuko wa nailoni uwe karibu, lenzi hii haijazibwa maji.

mguu_njiani: Poa sana wakuu, natafuta STM. Hudi (ile kofia ya mbele ya kukinga jua) inakuja nayo?

babu_lenzi: Haiji, unanunua pembeni, inaitwa ET-63. Filta (kioo cha kufunga mbele ya lenzi) ni 58mm, cheki nyuma ya kifuniko cha hiyo 18-55 yako, kama nayo ni 58 unazihamisha tu.