Kampuni ya makaa ya mawe inataka tusaini kupokea kifusi kilichooteshwa majani, eti ndiyo shamba letu

Wakuu habari zenu, leo nimekuja na hasira na sitaificha.

Mgodi wa makaa ya mawe uliochimba kwenye ardhi yetu umemaliza kazi, sasa kampuni imetuletea karatasi tusaini kwamba ardhi imerejeshwa katika hali yake. Wamekuja na picha za droni, kijani tupu. Mkaguzi naye kaja, kasimama barabarani, kaangalia, kajaza fomu, kaondoka. Hajashuka kwenye gari na jembe, hajachota hata konzi moja ya udongo akaitazama.

Mimi nimeshuka nalo. Jembe linazama upana wa kiganja tu halafu linagonga, chini pale pagumu linadunda mpaka mikono inakufa ganzi. Nikang'oa yale majani waliyopanda niangalie mizizi, imeshuka vizuri mpaka kwenye ule ugumu halafu yote imepinda imelala ubavu, hakuna hata mmoja uliopenya. Mvua ikinyesha maji yanatuama juu siku kadhaa hayanywei, na yale yanayochuruzika mpaka kwenye mtaro wa chini yana rangi ya chungwa, mawe yote ya mtaroni yamevaa utelezi kama kutu. Hicho ndicho tunachoambiwa tupokee na tushukuru!

Naomba nieleze kilichofanyika maana hawa jamaa wanategemea sana kwamba mwenye ardhi hajui na hatauliza.

Mgodi wa wazi unaanza kwa kukwangua udongo wa juu, ule mweusi wenye uhai, halafu ndo wanabomoa mwamba mpaka wafike kwenye makaa. Huo udongo wa juu ndo mali yenyewe, sentimita chache tu zake zinachukua mamia ya miaka kujitengeneza. Mpango wao wenyewe umeandika utatolewa kwanza na kuwekwa pembeni peke yake, na kweli waliutoa, sibishi. Ila waliuweka vipi? Wakaurundika ukawa kilima, magari yanapanda juu yake kumwaga mengine, ukakaa hivyo miaka na miaka. Udongo uliorundikwa juu kiasi kile ndani haupati hewa, nyungunyungu wanakufa, kuvu wale wanaosaidiana na mizizi kuvuta chakula wanakufa, mbegu zilizokuwemo zinaoza, mboji inapungua, ukija kuufukua miaka ya baadaye una rangi ya udongo na uzito wa udongo lakini kazi ya udongo haufanyi tena. Wataalamu wa hii kazi wanajua na wanaandika kila siku: rundo lisizidi mita 2 au 3, lioteshwe mimea lisikae wazi, usiuguse ukiwa umelowa, na bora kuliko yote usirundike kabisa, uutoe upande unaochimbwa uende moja kwa moja kuutandaza upande ambao uchimbaji umeisha. Haihitaji mashine mpya, inahitaji mtu wa kupanga ratiba ya malori basi!

Halafu uzito. Dampa la migodi mikubwa linabeba tani zaidi ya 200 kwa safari moja, piga hesabu linapita mara ngapi sehemu ile ile, na wakimaliza kumwaga linakuja katapila kwenda mbele na nyuma kusawazisha uso uwe laini upendeze kwenye picha. Udongo mzuri wa kulima una uzito wa gramu 1.3 hivi kwa kila sentimita moja ya ujazo, ukishashindiliwa ukafika 1.7 mizizi ya mazao mengi inagoma. Yaani kadiri wanavyozidi kusawazisha ndo wanazidi kuua, na mkaguzi anawapa alama kwa ule usawa.

Na msiniambie hili halijulikani. Marekani walitunga sheria ya migodi ya juu ya ardhi mwaka 1977, Rais Jimmy Carter akaisaini Agosti 3, ikawalazimisha wachimbaji kurudisha umbo la ardhi na kuotesha mimea. Nia ilikuwa nzuri tu, ila kule Appalachia, eneo la milima yenye makaa mashariki mwa nchi yao, wachimbaji wakajikita kwenye kitu rahisi kukaguliwa, wakashindilia miteremko isiporomoke, wakamwaga mbegu za majani yenye fujo yanayofunika haraka, karatasi zikapita. Msitu haukurudi. Kuna maeneo miaka mingi baadaye bado ni majani na vichaka wakati zamani ilikuwa miti mikubwa, sababu ni ugumu wa chini na yale majani kuinyang'anya miche maji na mwanga. Ilipofika 2004 wakala wa serikali yao na wataalamu wa misitu wakaanza kusukuma njia nyingine: acha tabaka la juu la mita 1.2 hivi likiwa tifutifu, katapila lisilipitie pitie, punguza majani, panda miti. Na sehemu zilizokwisha kushindiliwa wanapitisha katapila lenye meno marefu nyuma linapasua chini kabla ya kupanda. Miaka zaidi ya 20 hiyo! Leo mtu mwenye digrii ananiambia usoni kwamba kusawazisha ndo utaalamu.

Sasa nije kwenye yale maji ya chungwa, hapa ndo roho inaniuma zaidi.

Mwamba unaokaa na makaa ya mawe mara nyingi una pairaiti, madini ya chuma na salfa yanayong'aa kidhahabu. Yakiwa chini gizani hayana shida na mtu. Ukiyapasua ukayaleta juu yakakutana na hewa na maji yanatoa asidi ya salfa, na kuna bakteria wanaoishi kwa kuichochea hiyo kazi iende kasi mara nyingi zaidi. pH, yaani kile kipimo cha asidi ambacho kikishuka ujue asidi imezidi, ikifika chini ya 5 hivi aluminiamu iliyokuwa imejifunga kwenye udongo inayeyuka na kuanza kuunguza mizizi. Nilipanda mistari michache ya mahindi pembeni kuona, mche ukiung'oa mizizi yake ni mifupi, minene, ya kahawia, vincha vimekufa, haina hata vile vinywele vyeupe. Hakuna mbolea ya kutibu hiyo, mwaga unavyotaka, mzizi uliokatwa ncha hauli.

Wao wamefanya nini? Wamenyunyiza chokaa. Mifuko kadhaa, juu juu, siku moja kabla ya mkaguzi. Ngoja tuhesabu pamoja hapa hapa. Kipimo kinachotumika kwenye migodi ya makaa ni kwamba kila tani 1,000 za kifusi zenye asilimia 1 ya salfa ya pairaiti zinahitaji tani 31 na kidogo za chokaa kuzima asidi yake yote. Hekta moja, kina cha sentimita 15 tu, ni tani kama 2,000 za udongo. Kwa hiyo tani 60 na zaidi kwa hekta, na hapo hujafika hata urefu wa jembe kwenda chini. Na hiyo ni asilimia moja, ambayo kwenye ripoti inaonekana ni kitu kidogo. Njia ya kweli ilikuwa kuutenganisha huo mwamba mbaya tangu siku unachimbuliwa, uzikwe chini kabisa, ufunikwe na udongo wa mfinyanzi usipate hewa. Walikuwa na sampuli, walijua upi ni upi maana bila kupima mwamba usingejua makaa yalipo. Wakachanganya vyote wakamwaga. Sasa hiyo asidi inaweza kutoka kwa miongo na miongo na wao watakuwa wameshaondoka zamani.

Kuna jamaa zetu wanasema tunalalamika sana, mgodi ulileta ajira. Sawa, ulileta, na walioajiriwa walifanya kazi wakalipwa. Hilo linahusiana vipi na kuniachia ardhi iliyokufa? Mkataba ulisema itarudi kama ilivyokuwa, sikuomba zawadi.

Na inawezekana kurudi, au kukaribia. Ujerumani, kule Rhineland, kwenye migodi ya wazi ya makaa ya kahawia, udongo mzuri laini wanautandaza upya kwa kina cha angalau mita 2, halafu mkulima hapewi hapo hapo, wanaotesha kwanza alfalfa, majani ya malisho ya jamii ya kunde, miaka kadhaa maana mizizi yake inashuka mbali, inafungua udongo na kuurudishia nitrojeni, kampuni yenyewe ndo inalima kipindi hicho mpaka ardhi itulie. Yaani aliyeharibu ndo anabeba miaka ya mavuno mabaya. Kwetu kampuni inataka ile miaka mibaya nibebe mimi huku imeshachukua dhamana yake.

Hapo ndo penyewe wakuu, dhamana. Kabla ya kuchimba kampuni inaweka dhamana kwamba itarekebisha ardhi, na saini zetu zikipatikana inarudishiwa. Ndo maana ya haraka yote hii, ndo maana ya droni na chokaa ya siku moja. Ikishatoka hiyo hela hakuna wa kumdai. Hata ikiwepo inaweza isitoshe, Scotland mwaka 2013 kampuni kubwa za makaa ya wazi zilifilisika zikaacha mashimo, dhamana zilipoangaliwa zikakutwa ni ndogo kuliko gharama ya kuyarekebisha. Ile sheria ya Marekani ninayoisema na mapungufu yake yote ina vitu viwili natamani vingekuwa kila mahali. Cha kwanza, mchimbaji anabaki na jukumu miaka 5 baada ya kupanda, na 10 kwenye maeneo yenye mvua kidogo. Cha pili, ardhi iliyokuwa ya kilimo cha daraja la juu haitolewi kwenye dhamana mpaka mavuno yake yalingane na ya mashamba ya jirani ambayo hayakuchimbwa. Mavuno! Gunia haliwezi kudanganya kama picha inavyodanganya.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Hatusaini mpaka yachimbwe mashimo ya mita moja sehemu tutakazochagua sisi, mkaguzi akiwepo, tuone mizizi imeishia wapi. Udongo upimwe pH na salfa kwenye kina tofauti, siyo ule wa juu walioupaka chokaa. Ule ugumu upasuliwe, udongo ukiwa mkavu maana ukiwa umelowa meno ya katapila yanapita tu kama kisu kwenye tope na unajifunga tena. Samadi na mboji viingie kwa wingi, zipandwe jamii ya kunde, na walime wao misimu ya kutosha tuone mavuno. Maji ya mtaroni nayo yatibiwe kwa gharama zao muda wote yatakapokuwa yanatoka.

Mlio karibu na migodi mingine na bado hamjasaini, tafuteni ile ripoti ya udongo iliyopimwa kabla mgodi haujaanza, mara nyingi imo ndani ya tathmini ya athari kwa mazingira na kampuni inayo. Bila hiyo watakwambia ardhi yako ilikuwa mbovu tangu zamani, sisi wameshaanza kutuambia hivyo. Tumeiomba yetu kwa barua, nakala tumepeleka kwa wahusika wa mazingira, mpaka naandika hapa hawajajibu. Mwenye uzoefu wa kuilazimisha kampuni itoe ripoti kama hiyo aniambie alipitia wapi, na kama kuna mtaalamu wa udongo humu aliye tayari kuja kusimama na sisi siku ya kuchimba mashimo, anitafute inbox.