Mmisionari akienda likizo kwao, nani achangishe kwa jina la hospitali yetu?

Mwanzisha mada

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Familia ya wamisionari Wamarekani inayohudumu katika hospitali ya kanisa huku kwetu ikirudi kwao kwa miezi kadhaa, huzunguka makanisa ya huko ikionyesha picha na kuomba michango. Inarudi na dola za wodi ya wazazi ambayo bodi ya hospitali haikuipanga, au na kontena ambalo hakuna aliyeliagiza. Hoja yangu ni kwamba kuchangisha kwa jina la taasisi zetu kusiwe kazi ya mtu aliye likizo. Kanisa liandike barua lenyewe, litoe akaunti yake, mtoaji atume moja kwa moja. Mnasemaje?

Mratibu wa Wamisionari

Mzee wangu, hapo kwenye "moja kwa moja" ndipo penye ugumu. Mmarekani akituma sadaka kwenye akaunti ya dayosisi huku Afrika, kwa kawaida hapati nafuu ya kodi. Ili aipate, fedha lazima zipitie shirika la kwao linalotambuliwa chini ya kifungu cha 501(c)(3), yaani kifungu cha sheria ya kodi ya Marekani kuhusu mashirika ya hisani na ya dini. Shirika hilo nalo haliruhusiwi kuwa bomba la kupitishia tu: bodi yake lazima iwe na mamlaka kamili juu ya matumizi ya fedha hizo. Mtoaji akisisitiza kwamba pesa ni za fulani binafsi, nafuu inapotea.

Uingereza kuna Gift Aid. Mtoaji anayelipa kodi akijaza tamko, serikali inaongeza peni 25 juu ya kila pauni 1. Anayedai peni hizo ni shirika la huko, na mamlaka ya kodi inalitaka lionyeshe kwamba fedha zilizovuka mpaka zilitumika kwa kazi ya hisani. Akaunti ya usharika wa huku haiwezi kudai.

Na neno likizo linapotosha. Familia nyingi za mashirika haya hazilipwi kutoka mfuko mkuu. Zinaishi kwa ahadi za watu. Tuchukue mfano: mahitaji ya familia ni dola 6,000 kwa mwezi, na wachangiaji 80 wanatoa wastani wa dola 75. Wakifariki au kuacha 10, pengo ni dola 750 kila mwezi, na pengo hilo halizibwi kwa barua pepe. Makanisa yanayowafadhili yakiwa 25, kwa Jumapili moja moja, tayari ni nusu mwaka.

Urefu wa kukaa nao una hesabu yake. Mmarekani anayedai msamaha wa kodi ya kwao kwa mapato ya ugenini kwa kipimo cha siku lazima awe amekaa nje ya Marekani siku 330 kamili ndani ya miezi 12 mfululizo. Akizidisha wiki tano kwao, ameupoteza, isipokuwa kama anatumia kile kipimo kingine cha kuwa mkazi halisi wa nchi ya ugenini.

Jitegemea

Hoja ya kodi ni ndogo kuliko unavyoipa uzito, Mratibu. Tangu mwaka 2018 Marekani iliongeza karibu maradufu makato ya jumla, yaani sehemu ya mapato isiyotozwa kodi ambayo kila mlipakodi hupewa bila kuorodhesha sadaka. Waumini wengi wa kawaida waliacha kuorodhesha, hivyo hadi mwaka 2025 kwa kawaida nafuu hiyo hawakuitumia hata walipotoa kupitia shirika, na kuanzia 2026 wasioorodhesha wanapata nafuu yenye kikomo kidogo tu. Inawagusa zaidi watoaji wakubwa.

Swali lenyewe ni la zamani. Mwaka 1971, mjini Milwaukee, Mchungaji John Gatu, Katibu Mkuu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki, alitaka wamisionari na fedha za nje visimamishwe kwa muda ili makanisa yetu yajue yanaweza nini. Mwaka 1974 mkutano wa Baraza la Makanisa ya Afrika Yote kule Lusaka ukaipokea hoja hiyo. Hakuwachukia wazungu. Aliona kwamba mkono unaopokea daima hausimiki mipango yake.

Wodi ya vitanda 20 ikijengwa kwa dola za likizo, mhasibu apige gharama za mwaka wa kwanza baada ya uzinduzi: wauguzi wa zamu tatu, umeme, maji, sabuni, glavu, ukarabati. Hizo hakuna aliyezipigia picha kule ng'ambo. Zinaangukia ada za wagonjwa na sadaka za sharika za vijijini.

Mhasibu wa Dayosisi

Jitegemea, kuhusu gharama za uendeshaji niko nawe kabisa. Lakini kuzuia hakutatusaidia, kwa sababu mmisionari ataulizwa tu, "Hospitali yenu inahitaji nini?" Afadhali aondoke na jibu letu mkononi.

Kinachoharibika mara nyingi ni mafungu mawili kuchanganyika: la kuitunza familia na la mradi. Mtoaji anaandika kwenye hundi "kwa kazi ya Tanzania". Makao makuu ya shirika, kwa kukosa maelekezo, yanaiingiza kwenye fungu la familia. Huku tunasubiri mabati, kule fedha zimekatia tiketi za ndege. Hakuna mwizi hapo, lakini uaminifu umeshavunjika.

La pili ni makato. Mashirika mengi hukata asilimia fulani kwa ajili ya utawala, na 10 au 12 si ajabu. Kanisa la huko likiahidi dola 20,000 na makato yakiwa 12, zinabaki 17,600 kabla ya ada za benki. Jengo lililokadiriwa kwa 20,000 kamili linaishia kwenye lenta.

Kwa hiyo, miezi mitatu kabla familia haijaondoka, bodi ikae na ipitishe miradi isiyozidi mitatu, kila mmoja na makadirio ya fundi kwa shilingi na kwa dola, tarehe ya kiwango cha kubadilishia fedha ikiandikwa, makato yakiwa yamejumlishwa, na gharama za uendeshaji za miaka miwili zikiwa ndani. Shirika lifungue namba ya fungu kwa kila mradi, na hiyo ndiyo ichapishwe kwenye kadi anazogawa mmisionari. Huku fedha ziingie akaunti ya hospitali yenye watia saini wawili, na mmisionari asiwe mmoja wao. Akiwa ndiye mtia saini na yuko Ohio, mishahara inakwama. Taarifa ya mapato na matumizi iende kila robo mwaka.

Fundi Vifaa Tiba

Niongeze kuhusu kontena. Vifaa vya Marekani ni vya volti 120 na hezi 60 (hezi ni idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde). Huku ni volti 230 na hezi 50. Watu hununua transfoma wakidhani wamemaliza. Transfoma inashusha volti, haibadilishi hezi. Mota ya hezi 60 ikipewa 50 inazunguka pungufu kwa moja ya sita na inapata joto. Kwenye mashine ya kuzalisha oksijeni maana yake kompresa inasukuma hewa kidogo na mgonjwa anapata oksijeni hafifu, huku taa ya mashine ikiwaka. Hilo linaweza kuua. Kabla ya kupokea chochote, ombeni picha ya kibandiko cha nyuma chenye volti na hezi.

Dawa zibakiwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda zinapofika. Huo ni mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Maombi ya msamaha wa ushuru nayo yaanze kabla meli haijaondoka. Kontena likikaa bandarini likisubiri barua, gharama za kuhifadhi zinaweza kuzidi thamani ya magodoro yaliyomo.

Mama Mchungaji

Na picha, jamani. Mtoto mwenye utapiamlo anaonyeshwa ukutani kwa watu 300, jina lake na kijiji chake vimeandikwa chini. Mama yake hakuulizwa. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022, na zote zinahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Ridhaa iandikwe, kwa lugha anayoielewa mama, na aweze kukataa bila kupoteza matibabu.

Mwanzisha mada

Nimepunguza ukali kuhusu njia ya fedha. Mratibu amenionyesha kwamba shirika la kule haliepukiki kwa watoaji wakubwa. Bado sijakubali kwamba sauti iwe ya familia moja. Dayosisi ya Iringa ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) na Sinodi ya Saint Paul, Minnesota, wana ushirikiano wanaouita Bega kwa Bega, usharika kwa usharika. Uhusiano wa namna hiyo haumtegemei mmisionari fulani: akistaafu, usharika wa kule bado una wa kumwandikia.

Mhasibu wa Dayosisi

Huo nao unahitaji mtu wa kujibu barua kwa wakati. Usharika wa kule ukiandika mara mbili bila jibu, unarudi kwa mmisionari unayemjua. Dayosisi ikitaka njia hiyo, itenge kwanza mshahara wa katibu wa mahusiano kutoka mapato yake yenyewe.