Mwanangu hodari wa bao, mbona akili hiyo haifiki nyumbani?

UmmiWaLangoni:
Asalaam alaykum jamani. Mwanangu yuko sekondari. Kila siku baada ya swala ya alasiri utamkuta Mkunguni, ule uwanja ulio mbele ya Ngome hapa Lamu, anacheza bao na wazee. Na wazee wenyewe humpisha akae. Kabla hajagusa shimo ameshajua kete ya mwisho itaangukia wapi na itakula nini. Nikipita nikamwona, moyo wangu hujaa.

Akirudi nyumbani, kijana huyo simwoni. Hela ya wiki nampa Jumatatu, Jumanne haipo. Mtihani anaujua tangu muhula uanze, daftari analifungua usiku wa kuamkia. Babake anataka tumpige marufuku bao. Mimi sitaki, kwa sababu akili ipo, naiona kwa macho yangu. Mbona haivuki? Na kuna njia ya kuivusha?

KochaMalindi:
Wa alaykum salaam dada. Mimi nafundisha vijana mpira huku Malindi. Kila mtu husema mpira unaleta nidhamu, lakini ninao wachezaji wanaofika uwanjani kabla yangu, na shuleni kila siku wanachelewa. Nidhamu ya uwanjani hubaki uwanjani mpaka mtu aishike mkono aitoe nje. Usimkataze. Ukimnyang'anya bao hatashika daftari, atashika simu.

NahodhaMatondoni:
Mwanangu Ummi, mimi bao nilifundishwa na ami yangu, fundi wa majahazi hapa Matondoni, kwa hiyo nitakujibu kwa bao lenyewe.

Kete ni 64. Mchezo ukianza, kila mtu ana 10 ubaoni na 22 mkononi. Zile 22 huruhusiwi kuzimwaga, unanamua, yaani unazitia ubaoni, moja moja, kila zamu kete moja. Na katika zile 10, sita zimekaa kwenye nyumba, yaani shimo lako la akiba. Ukiwa kwenye zamu ya kula, kete yako ya mwisho ikiingia nyumba na mbele yake hakuna cha kula, una hiari: ulale hapo, yaani zamu yako iishe, au uisafirishe nyumba yote, yaani uzichukue kete zake zote uendelee kuzisambaza. Ukilala, akiba yako imebaki. Ukisafiri, unaweza kuzunguka ukala vizuri sana, lakini nyumba imevunjika na haki yake imekwisha. Mwanao uamuzi huo anaufanya kila alasiri mbele ya watu wazima, na anaufanya vizuri.

Sasa ami yangu alikuwa na tabia moja. Mchezo ukiisha hakuuliza nani kashinda. Alizirudisha kete pale nilipoamua, akaniuliza, "Hapa kwa nini ulilala?" Nisipokuwa na jibu, hatuendelei. Halafu maneno yale yale akayaleta kazini. Mteja akilipa, hela ikawekwa mkekani, anatenga fungu la mbao na misumari, ananitazama: "Hii ndiyo nyumba. Leo tunalala au tunasafiri?" Nilikuwa mdogo kuliko mwanao, na nilijibu sawasawa, kwa sababu swali nilikuwa nimeshalijua ubaoni.

Akili ya mtoto haivuki kwa kuambiwa "kuwa na akili kama kwenye bao". Inavuka akisikia swali lile lile mahali pengine. Hela usimpe ya wiki, mpe ya mwezi, mwambie atenge nyumba yake mwenyewe, wewe usimchagulie. Na masomo ni namua: muhula umempa kete mkononi, kila jioni aweke moja. Aandike mwenyewe kila moja ni mada gani.

BintiShela:
Ami Nahodha kasema kweli, ila naomba niongeze tahadhari. Kaka yangu alikuwa muogeleaji mzuri mno, akishindana kwenye Tamasha la Utamaduni. Baba akawa kila akitoka majini anamhubiria: uvumilivu, juhudi, maisha. Mwisho kaka aliacha, na mpaka leo haogelei. Inaniuma nikikumbuka. Dada Ummi, uliza swali moja, kisha nyamaza. Na Mkunguni usimfuate na maneno haya, pale ni pake.

UmmiWaLangoni:
Mungu awalipe. Nimemsomea babake, ameniambia, "Haya, tujaribu muhula huu." Mkunguni nitapita kimya kama kawaida yangu. Ami, swali la mwisho: akiisafirisha nyumba yote siku ya kwanza, nimwongezee?

NahodhaMatondoni:
Usimwongezee. Nyumba ikishasafirishwa, hata awe nani, harudishiwi. Lakini hela ya chakula cha mchana shuleni iweke kando, ilipe wewe mwenyewe, isiingie kabisa kwenye hesabu yake. Na mwezi ukiisha, kaeni chini mzirudishe kete: akuonyeshe ni siku gani alilala na siku gani alisafiri.