Karnische Alpen mwezi wa saba: tujiandaeje tukiwa bado Mwanza?

Kutoka Nyakato, Mwanza

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za kazi.

Shemeji yangu aliyeko Munich ametualika mimi, mume wangu na wadogo zangu wawili, tutembee milimani kwa wiki moja mwezi wa saba. Anataka tukwepe kule watalii wanakojazana, ametaja Karnische Alpen, mpakani mwa Austria na Italia. Kati yetu hakuna aliyewahi kupanda mlima mrefu. Kilimanjaro tumeuona kwa dirisha la ndege. Naomba mnieleze, tunaweza? Na tuanze na lipi tukiwa huku?

Kutoka Villach, Austria

Marahaba mdogo wangu. Mnaweza, na shemeji amechagua vizuri. Mimi ni wa Igogo, nimekulia kwenye zile ngazi za mawe, na sasa naishi jirani na milima hiyo. Naipenda kuliko milima yote ya huku, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Njia yenu inaitwa Karnischer Höhenweg, kwenye vibao utaona namba 403. Inafuata mgongo wa milima, upande huu Austria, upande ule Italia, kutoka Sillian hadi Arnoldstein, kama kilomita 155. Kwa wiki moja chukueni kipande cha magharibi tu, Sillian hadi Plöckenpass. Mtalala kwenye nyumba za wapanda milima: Sillianer Hütte, Obstanserseehütte, Porzehütte, Hochweißsteinhaus, kisha Wolayerseehütte kando ya ziwa dogo. Kutoka Porzehütte hadi Hochweißsteinhaus ni safari ya kutwa nzima, ndiyo inayowatoa watu jasho. Mmoja wenu akiwa amechoka, shukeni kijiji cha Obertilliach, mpumzike, mchukue basi la bondeni, kisha mpande tena kupitia bonde la Frohn. Hakuna anayewadai.

Urefu usiwatishe. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Sillian yenyewe iko karibu mita 1,100, kwa hiyo mnaanzia pale pale mlipozoea kuvuta pumzi. Sillianer Hütte iko mita 2,447, na kilele kirefu kuliko vyote katika milima hiyo, Hohe Warte, ni mita 2,780.

Cha kuogopa huko ni radi na baridi. Sisi tumezoea radi ya usiku: wavuvi wa dagaa wanajua kwamba ziwa huchafuka usiku wa manane na kutulia mchana. Milimani ni kinyume. Asubuhi mbingu nyeupe kabisa, saa sita mawingu yanajenga, saa nane au tisa mchana radi inapiga. Mkiwa juu ya mgongo wakati huo, ninyi ndio mmekuwa mnara. Kwa hiyo mnatoka saa moja asubuhi, na saa nane mchana mko ndani. Mkikutwa njiani, shukeni upesi mgongoni, achieni kamba na ngazi za chuma, msijifiche chini ya mti uliosimama peke yake. Halafu kila mkipanda mita 1,000 joto hupungua nyuzi kama sita, na theluji ya Julai si ajabu. Koti la mvua, sweta, kofia na glavu, kila mtu na vyake. Jinzi ziacheni, zikilowa hazikauki.

Mtapita kwenye mahandaki yaliyochimbwa kwenye mwamba. Italia iliingia vitani dhidi ya Austria mwezi Mei 1915, na vijana wa pande zote mbili walikaa juu kule kwenye theluji hadi vuli ya 1917. Ndiyo sababu njia hii huitwa pia Njia ya Amani. Ni vita ile ile iliyofika kwetu, Waingereza walipoitwaa Mwanza kutoka kwa Wajerumani Julai 1916. Kila nikipita pale huwafikiria wapagazi wetu waliobebeshwa mizigo ya vita ile. Mkiona seng'enge za zamani au chuma chochote kimefukiwa, msikiguse.

Sasa karatasi. Viza ya Schengen (viza moja kwa nchi nyingi za Ulaya) huombwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na isiwe chini ya siku 15. Ombeni kwa nchi mtakayolala siku nyingi zaidi, si lazima ile mnayotua. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi. Pasipoti iwe na uhai wa miezi mitatu baada ya tarehe ya kuondoka Ulaya. Barua za nyumba za milimani zinazothibitisha vitanda vyenu ziambatisheni kwenye maombi, zionyeshe mtakapolala usiku kwa usiku. Jiungeni pia na Alpenverein, chama cha wapanda milima: vitanda vinapungua bei, na uanachama una bima ya uokoaji. Usidharau hilo, helikopta ya uokoaji ina gharama. Namba ya uokoaji milimani Austria ni 140, na 112 kote Ulaya.

Kwenye nyumba hizo viatu vya njiani vinavuliwa mlangoni, saa nne usiku ni kimya, na kila mgeni aje na shuka lililoshonwa kama mfuko, aingie ndani yake. Msinunue huku. Fundi cherehani yeyote wa hapo Mwanza atawashonea kwa shuka la pamba. Bebeni euro taslimu, kadi hazipokelewi kila mahali.

Kutoka Isamilo, Mwanza

Mwangaluka wote. Mimi nimesharudi nyumbani baada ya masomo Austria, naomba niongezee la viatu.

Mtaenda soko la Mlango Mmoja, na mtapata buti nzuri za milimani za mtumba, ngozi inang'aa. Tahadhari. Kati ya soli na ngozi kuna sponji, na aina nyingi za sponji hiyo huoza kwa unyevu miaka inavyopita, hata kama kiatu hakijavaliwa. Kwa macho kizima, ukitembea kwa muda wa saa tatu soli inabanduka, na gundi ya fundi haisaidii kwa sababu kilichooza ni sponji yenyewe. Kikunje, kibonyeze pembeni kwa kidole gumba. Kikimong'onyoka au kikionyesha nyufa, kirudishe hata kama ni cha bei ya kutupa. Ukipata kizima, kivae kila siku kuanzia sasa.

Mazoezi tunayo hapa hapa. Pandeni Isamilo au Bugando mkiwa na begi la kilo nane, na mteremke pia kwa miguu, msichukue bodaboda kurudi. Watu hudhani kupanda ndiyo kazi, kumbe magoti yanakwisha kwenye kushuka. Vibao vya kule vinaandika saa za kutembea tu bila mapumziko, na hesabu ya kawaida ni mita 300 za kupanda kwa saa. Ninyi ongezeni theluthi.

Na ng'ombe! Sisi tumekua nao, lakini wale wanalisha bila mchungaji, na mwenye ndama hushambulia. Watu wamekufa. Pita mbali, usimpapase ndama.

Kutoka Nyakato, Mwanza

Asanteni sana, mume wangu amesoma yote mara mbili. Tumeanza na pasipoti, ya mdogo wangu inakwisha Agosti. Jingine: mama anataka kutufungia dagaa, michembe (viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa) na samli. Vitapita?

Kutoka Villach, Austria

Hiyo pasipoti abadilishe kwanza, kabla hamjagusa fomu ya viza.

Dagaa wakavu wanapita, samaki wanaruhusiwa hadi kilo 20 kwa mtu. Michembe leteni, ila kwa kutafuna njiani afadhali matobolwa, yaliyochemshwa kabla ya kukaushwa: ni mepesi na yanashibisha. Samli hapana, wala nyama kavu: vyote vitokanavyo na nyama na maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya hunyang'anywa uwanjani.

Nitumie majina yenu wanne kama yatakavyoandikwa kwenye pasipoti, na tarehe mbili mnazoziweza. Nyumba ya Wolayer hujaa mapema, ndiyo nitakayoanza nayo.